Mwaka State Farm ilipotangaza kuihama Florida

Kila kampuni kubwa ya bima inapotangaza kujitoa katika soko la nyumba la jimbo fulani la Marekani, simu yangu haitulii. Mwaka 2023 ilikuwa Farmers kuondoka Florida, na wiki chache kabla yake State Farm kuwafungia mlango wateja wapya wa California. Ndugu na marafiki, wengine wako Dar, wengine Minnesota na Texas, wakauliza swali lile lile: kampuni yenye mabilioni inaogopaje nyumba za watu? Wananiuliza mimi kwa kuwa wanajua niliwahi kukaa mapokezi kwenye ofisi ya wakala wa bima karibu na Tampa, na kwamba nilikuwa kwenye kiti hicho Januari 2009, State Farm iliposema itaacha kabisa kuuza bima za nyumba Florida. Kwenye simu huwa najibu kwa kifupi. Hapa nina nafasi.

Kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. State Farm wakati ule ilikuwa kampuni binafsi inayoongoza kwa bima za nyumba Florida, ikitanguliwa tu na Citizens, shirika la bima la serikali ya jimbo. Ilikuwa na mikataba karibu milioni 1.2 ya bima za mali: nyumba za familia, fleti, vitu vya wapangaji, biashara ndogo. Tarehe 27 Januari ikatangaza kwamba yote hiyo ingemalizwa kidogo kidogo katika muda wa miaka miwili. Bima za magari zingebaki. Hilo la magari liwekeni akilini, nitalirudia.

Ofisi yetu haikuwa ya State Farm. Sisi tulikuwa mawakala huru, tuliuza bima za kampuni nyingi, hasa zile ndogo zenye makao Florida ambazo mtu wa jimbo jingine hajawahi kuzisikia. Mawakala wa State Farm walikuwa tofauti: walifungwa kwa kampuni moja, hawakuruhusiwa kumpeleka mteja kwingine. Kwa hiyo asubuhi ile simu za wateja wao zilianza kuingia kwetu. Bosi alifurahi waziwazi, akaagiza donati. Mimi niliyekuwa nikipokea simu sikuwa na hamu ya donati, kwa sababu kila aliyepiga alikuwa na hofu na alitaka jibu ambalo hakuna mtu ofisini aliyekuwa nalo.

Msomaji aliye Tanzania au Kenya huenda akajiuliza hofu ya nini. Kwetu wengi hujenga tofali kwa tofali. Fedha ikipatikana ukuta unapanda, ikikwama nyasi zinaota sebuleni hadi Mungu ajalie. Hakuna benki mgongoni, kwa hiyo hakuna wa kumlazimisha mtu kukata bima. Florida watu wengi wananunua kwa mkopo wa miaka 30, na sharti la mkopo ni kwamba nyumba isikae hata siku moja bila bima. Bima yako ikikatika, benki inakukatia nyingine yenyewe, ghali mara nyingi kuliko ya kwanza, inayolinda jengo kwa faida ya benki tu, na bili inakuja kwako. Barua ya kampuni ya bima inayosema hatutaongeza mkataba wako ukiisha ina uwezo wa kumtoa mtu kwenye nyumba aliyoilipia miaka 20.

Mama mmoja wa Mombasa, mteja wa State Farm tangu aliponunua nyumba yake St. Petersburg, mji wa huku huku Florida jirani na Tampa, alikuja ofisini mwenyewe. Alikuwa ameambiwa yuko msichana anayeongea Kiswahili.

"Mwanangu," akaniambia, "miaka yote hii nawalipa. Sijawadai hata senti. Kimbunga kilipopita paa liliyumba, nikalitengeneza kwa pesa zangu, nikasema nisiwasumbue. Leo ndio wanitupa?"

"Mama, bado hawajaenda," nikamjibu. "Lazima serikali ikubali kwanza. Usihame leo."

Bosi, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kuelewa neno, aliuliza kama nimemwandikia mama makadirio ya bei. Nilimwandikia. Bei ilitoka juu kuliko aliyokuwa akilipa State Farm, na kampuni iliyotoa bei hiyo ilikuwa na umri mdogo kuliko gari lake.

Sasa turudi nyuma, maana kilichotokea 2009 kilianza Agosti 1992. Kimbunga Andrew kilitua kusini mwa Miami, kwenye eneo la Homestead, tarehe 24 mwezi huo, na kikabomoa nyumba zaidi ya 25,000. Kampuni za bima zililipa kama dola bilioni 15 na nusu, kiasi ambacho vitabu vyao vya hesabu havikuwa vimekiota. Baadhi ya kampuni ndogo zilifilisika papo hapo. Zile kubwa zilisalimika kwa kuchota fedha za majimbo mengine.

Hapo ndipo kiini cha ugomvi kilipo. State Farm ilianzishwa Illinois mwaka 1922 na George Mecherle kwa ajili ya magari ya wakulima, na mpaka leo haina wanahisa. Ni mali ya wateja wake. Ni kama vile vyama vyetu vya kufa na kuzikana, ila ni chama chenye mamilioni ya wanachama waliosambaa nchi nzima. Baada ya Andrew, mwanachama wa Illinois au Iowa angeweza kuuliza kwa haki: mbona sanduku letu linafunguliwa kila mara kwa msiba wa mtaa mmoja? Jibu la kampuni, mwishoni mwa miaka ya 1990, lilikuwa kuunda kampuni tanzu inayojitegemea, State Farm Florida, yenye mtaji wake na hesabu zake. Mzazi akabaki Illinois. Kimbunga kikija, anayeumia kwanza ni mtoto, na mzazi ana uhuru wa kuamua kama atamsaidia au la. Katika biashara hii jambo hilo ni la kawaida, lakini wateja wachache sana walijua kwamba ile nembo nyekundu kwenye barua yao haikuwa na utajiri wa Illinois nyuma yake moja kwa moja.

Serikali ya jimbo nayo ilijenga uzio wake. Mwaka 1993 ikaanzisha mfuko wa vimbunga unaoziuzia kampuni za bima kinga kwa bei nafuu. Bima ya namna hiyo, yaani bima inayokatwa na kampuni ya bima yenyewe, ndiyo bima mtawanyo, na kwa kawaida hununuliwa Bermuda, London, Munich au Zurich kwa bei inayopanda kila baada ya maafa makubwa popote duniani. Mwaka 2002 likaundwa Citizens, kwa kuunganisha mashirika mawili ya zamani yaliyokuwa yakiwachukua waliokataliwa kwingine.

Halafu zikaja 2004 na 2005. Charley, Frances, Ivan na Jeanne, vimbunga vinne katika wiki kama sita za mwaka mmoja. Mwaka uliofuata Dennis, kisha Katrina iliyogusa kusini mwa Florida kabla ya kwenda kuiangamiza New Orleans, kisha Wilma mwezi Oktoba. Sikuwa Florida bado, lakini niliposhika kazi mwaka 2008 bado kulikuwa na mapaa yenye turubai za buluu kwenye mitaa niliyopita na basi. Mwaka 2006 kundi la kampuni za Poe, la hapa hapa Tampa, lilianguka, na wateja wake zaidi ya 300,000 wakamwagwa Citizens.

Ada zikapanda. Watu wakapiga kelele, na Charlie Crist akagombea ugavana 2006 akiahidi kuzishusha. Akashinda. Januari 2007 bunge la jimbo likaitwa kwenye kikao maalumu na kutoa sheria iliyopanua sana mfuko wa vimbunga, ikagandisha ada za Citizens, na kuliruhusu shirika hilo kushindana na kampuni binafsi badala ya kuwa kimbilio la waliokosa pa kwenda. Zilikuwa siku za shangwe. Ada zilishuka kweli, na kwa bahati iliyopita kifani, hakuna kimbunga kikubwa kilichotua Florida kwa miaka kadhaa. Tangu Wilma 2005 mpaka Hermine 2016, hakikutua hata kimoja cha daraja la kimbunga kamili. Wanasiasa wakaonekana wana akili. Mimi husema walikuwa na upepo mzuri, kwa maana halisi kabisa.

Ndani ya sheria ile ya 2007 kulikuwa na kipengele ambacho watu wa ofisini kwetu walikijua kwa moyo: kampuni inayouza bima za magari Florida, huku ikiuza bima za nyumba majimbo mengine, haiwezi kuendelea na magari yake Florida kama haiuzi bima za nyumba huku pia, labda iwe na kampuni ndugu inayouza. Lengo lilikuwa wazi. Magari yana faida na hayaruki na upepo. Nyumba ndizo zenye balaa. Jimbo lilikuwa likisema, huwezi kula nyama ukaniachia mifupa. Na State Farm ndiyo iliyoongoza kwa bima za magari Florida. Kwa hiyo ilipotangaza Januari 2009 kwamba inaacha nyumba na kubaki na magari, kila mtu aliyeijua sheria aliinua nyusi. Tangazo lile lilikuwa barua ya kuaga, lakini kwa macho yangu lilikuwa pia ufunguzi wa mazungumzo ya bei.

Bei yenyewe ilikuwa hii. Mwaka 2008 State Farm Florida iliomba kupandisha ada za nyumba kwa asilimia 47.1. Kamishna wa bima, Kevin McCarty, akakataa, na kukataa huko ndiko kulikozaa tangazo la Januari. Kampuni ilidai mtaji wake unayeyuka, kwamba fedha inayoingia haitoshi hata bila kimbunga. Sehemu ya malalamiko ilihusu punguzo ambalo jimbo lililazimisha kampuni zote zitoe kwa nyumba zilizoimarishwa dhidi ya upepo.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa kuwa hii ndiyo sehemu ya kazi niliyoipenda. Ukaguzi wa upepo humpeleka mtu juu ya dari na tochi kupiga picha. Anaangalia kenchi zimefungwaje kwenye ukuta: kwa misumari ya kushindilia tu, kwa kipande cha chuma kilichopigiliwa misumari isiyopungua mitatu, au kwa mkanda wa chuma unaozunguka juu ya mbao na kurudi upande wa pili. Anaangalia umbo la paa. Paa lenye mteremko pande zote nne hupata punguzo, kwa kuwa upepo haupati ukuta wa kusukuma. Lile la pande mbili, lenye pembe tatu kubwa ubavuni, halipati. Anaangalia kama madirisha yana vifuniko vya chuma vilivyopimwa. Nyumba mbili zinazofanana ukiziangalia barabarani, moja inaweza kulipa nusu tu ya sehemu ya upepo inayolipwa na nyingine, kwa sababu ya misumari ambayo hakuna atakayeiona mpaka siku paa linang'oka. Tangu wakati huo siwezi kuingia kwenye nyumba ya mtu bila kutazama juu.

Mwaka 2006 jimbo lilianzisha mpango wa kuwakagulia watu nyumba bure, na wateja wakamiminika kwetu na ripoti zao mkononi wakidai punguzo. Kampuni zililalamika kwamba punguzo limepangwa bila hesabu, linakula ada kuliko linavyopunguza hatari. Sina uwezo wa kuamua nani alikuwa sahihi kwa kila senti. Najua tu kwamba ripoti nyingine tulizopokea zilikuwa na picha ya paa ambalo halikuwa la nyumba husika.

Upande wa McCarty nao ulikuwa na hoja, na sipendi habari hii inaposimuliwa kana kwamba mdhibiti alikuwa mjinga asiyejua hesabu. State Farm Florida ilikuwa ikinunua bima mtawanyo kutoka kwa mzazi wake wa Illinois. Gharama hiyo iliingia kwenye hesabu ya ada iliyoombwa. Yaani mtoto anamlipa mzazi, kisha anamwonyesha mteja risiti. Mdhibiti anayeuliza bei hiyo imepatikanaje anafanya kazi anayolipwa kuifanya. Na asilimia 47.1 kwa mwaka mmoja, katikati ya mdororo wa uchumi, Florida ikiwa miongoni mwa majimbo yenye nyumba nyingi zaidi zinazotwaliwa na benki, ilikuwa ni kuwasukuma watu nje.

Lakini kukataa bei hakuondoi gharama. Nyumba ya Clearwater yenye kenchi zilizopigiliwa misumari ya kushindilia iko pale pale, bahari iko pale pale. Kilichobaki ni nani atalipa na kwenye bahasha ipi.

Mwaka huo huo wa 2009 bunge la jimbo lilipitisha muswada wa kuziruhusu kampuni kubwa zenye mtaji mzito kutoza bei wanayoitaka, na mteja achague mwenyewe. Crist akautia veto mwezi Juni. Kabla ya hapo, Februari, ofisi ya McCarty ilikuwa imekubali State Farm iondoke, lakini kwa masharti, mojawapo likiwa mawakala wake waachiwe huru kuwatafutia wateja kampuni nyingine binafsi, wasitupwe wote Citizens. State Farm ilipinga masharti. Mvutano ukaenda mwaka mzima. Sisi ofisini tulikuwa tumeshachoka kusoma magazeti. Kila wiki mteja alikuja na kipande cha gazeti kinachopingana na cha wiki iliyopita.

Desemba wakakubaliana. State Farm ikabaki. Ikapewa nyongeza ya asilimia 14.8 na ruhusa ya kutoongeza mikataba isiyozidi 125,000. Ukisoma tarakimu hizo polepole unaona kilichofanyika: kampuni haikupata bei iliyoitaka, ikapata kitu bora zaidi, nafasi ya kuchagua. Nyumba zilizokaa vibaya karibu na maji zingeweza kuachwa, zile za ndani zenye paa zuri zikabaki. Asilimia 14.8 juu ya kundi lililopembuliwa ni biashara tofauti kabisa na asilimia 14.8 juu ya kundi zima.

Yule mama wa Mombasa alikuwa miongoni mwa walioachwa. Barua yake ilikuja mwaka uliofuata, akaileta ofisini ikiwa bado kwenye bahasha, akaiweka mezani na kuketi. "Haya, wameenda sasa," akasema. Tukampeleka kwenye moja ya zile kampuni ndogo.

Kuhusu kampuni ndogo hizo sitasema mabaya matupu, kwa maana bila wao maelfu ya watu wangekosa bima. Lakini mteja wa kawaida hakuelewa zinavyofanya kazi, na sisi hatukumweleza kwa sababu hakuuliza. Mtaji wao ulikuwa mwembamba. Sehemu kubwa ya ada uliyoilipa ilipanda ndege kwenda Bermuda na London kununua bima mtawanyo, na nyingine ilikwenda kama malipo ya usimamizi kwa kampuni dada ya mmiliki yule yule. Mwaka bila kimbunga wanapata faida nzuri. Miaka miwili mibaya ikifuatana, kunabaki kufuli mlangoni. Barua za uthibitisho wa uimara wao zilitoka kwa shirika la kupima mitaji ambalo benki za mikopo zililikubali, na hiyo ilitosha.

Miaka ya katikati ikapita kwa utulivu wa bandia. Citizens ilivimba mpaka mikataba kama milioni 1.5 mwaka 2012, kisha ikapunguzwa kwa kuwagawa wateja wake kwa kampuni ndogo. Wakati huo ndipo kijana mmoja wa Kikongo, mteja wetu wa bima ya gari, alipokuja na karatasi yake na kuweka kidole kwenye mstari mdogo wa chini.

"Dada, hii ya nini?"

Nikamweleza kwamba ni tozo ya kuziba pengo la Citizens la vimbunga vya 2005, na iliyofuata ni tozo ya mfuko wa vimbunga. Asilimia 1 hapa, asilimia 1 na kitu pale.

"Mi sina nyumba. Juu ya nini nilipie nyumba ya mtu?"

Sikuwa na jibu zuri, na mpaka leo sina. Sheria ya Florida inaruhusu mashirika hayo yakiishiwa fedha yatoze karibu kila mwenye bima jimboni, gari ikiwemo. Kijana anayeosha vyombo hotelini, anayeendesha Corolla kuukuu, alichangia kuzilipia nyumba za ufukweni zilizotozwa ada ndogo kuliko hatari yake kwa sababu gavana aliahidi. Tozo zile zilikoma 2015, miaka 10 baada ya Wilma. Watu wanaposema 2007 ada zilishushwa, mimi hukumbuka kidole cha yule kijana kwenye ule mstari. Hazikushushwa zote. Nyingine zilihamishiwa kwenye karatasi ya mtu mwingine, na huyo mtu hakualikwa kwenye kikao.

Niliiacha ile kazi muda mrefu kabla ya wimbi la pili, kwa hiyo haya yafuatayo niliyaona kama mwenye nyumba. Kimbunga Irma 2017, kimbunga Michael 2018. Kisha mafundi wa paa wakaanza kugonga milango mitaani kwetu: saini hapa, utapata paa jipya bure, sisi tutamalizana na bima yako. Ukisaini, umemkabidhi fundi haki zako zote za kudai, na wakili wake anafungua kesi badala yako. Akishinda hata kidogo, kampuni ya bima inamlipa wakili. Kwa hesabu za ofisi ya kamishna, mwaka 2019 Florida ilikuwa na kama asilimia 8 ya madai yote ya bima za nyumba Marekani, lakini asilimia 76 ya kesi. Kampuni sita zilianguka mwaka 2022, nyingi kabla hata ya kimbunga Ian kutua karibu na Fort Myers mwezi Septemba. Ian yenyewe ilifundisha somo jingine chungu: bima ya nyumba hulipa kilichoharibiwa na upepo, maji yanayopanda kutoka baharini ni bima nyingine kabisa, ile ya mafuriko ya serikali kuu, na wengi hawakuwa nayo.

Kampuni yangu mwenyewe, ambayo sitaitaja, ilikuwa miongoni mwa zilizozikwa kipindi hicho. Mahakama ikitoa amri ya kuifilisi kampuni, bima zote hufa baada ya siku 30. Nilijikuta nikipiga simu ofisi za mawakala, nikisubiri kwenye foleni ya muziki, na msichana wa upande wa pili akaniuliza paa lako lina umri gani kabla hajaniuliza jina. Nilimwelewa. Nilishawahi kuuliza hivyo.

Desemba 2022 bunge la jimbo likakata mzizi wa zile kesi, likaondoa kanuni ya malipo ya mawakili na kuzuia watu kusaini haki zao kwa mafundi. Wengine wanaliita ukombozi, wengine wanaona mwenye nyumba amenyang'anywa fimbo pekee aliyokuwa nayo. Naona yote mawili ni kweli. Julai 2023 Farmers ikaondoka, wateja kama 100,000, na safari hii hakukuwa na mvutano wa mwaka mzima, ni barua tu. Hata hivyo kampuni zake ndogo zenye majina mengine zilibaki zikiuza. Vuli ile Citizens ikapita tena mikataba milioni 1.4. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa imeshuka chini ya milioni 1, kwa dawa ile ile ya kuwagawa wateja kwa kampuni mpya.

California wanacheza mchezo huo huo kwa moto badala ya upepo. Mei 2023 State Farm ilisitisha wateja wapya, Machi 2024 ikatangaza kutoongeza mikataba 72,000, nyumba nyingi za Pacific Palisades zikiwemo, na Januari 2025 mtaa huo ukaungua. Miezi michache baadaye mdhibiti akaikubalia kampuni tanzu ya State Farm ya huko nyongeza ya dharura ya asilimia 17. Ukiwa uliishi Florida 2009, huhitaji mtu akueleze hatua inayofuata. Kampuni tanzu yenye mtaji wake peke yake, mzazi Illinois, shirika la mwisho la kukimbilia linalovimba, tozo kwa wote likiishiwa. Sheria ni tofauti, ya kwao ilipigiwa kura na wananchi 1988, lakini mivutano ni ya ukoo mmoja.

Kwa hiyo wale wanaonipigia simu wakiwa na mpango wa kununua nyumba huku, huwa nawaambia waulize ada ya bima kwanza, kabla hawajaipenda rangi ya jiko. Waombe ripoti ya ukaguzi wa upepo ya mwenye nyumba wa sasa. Waulize paa liliwekwa mwaka gani na kibali chake kiko wapi. Wasome sehemu ya hasara watakayobeba wenyewe siku ya kimbunga: mara nyingi ni asilimia 2 ya thamani iliyokatiwa bima, siyo ya hasara, kwa hiyo nyumba iliyokatiwa bima ya dola 300,000 itakudai 6,000 zako mfukoni kabla kampuni haijatoa kitu. Na wasisubiri dhoruba ionekane kwenye ramani, maana siku hiyo hakuna kampuni inayouza bima mpya, mfumo unafungwa mpaka ipite.

Wengine huniuliza vilevile kama waiogope kampuni inayotishia kuhama. Nawaambia waangalie iliyotishia 2009 iko wapi. State Farm bado inauza bima za nyumba Florida. Ile kampuni ndogo tuliyompeleka mama wa Mombasa haipo tena.